Andika jina lako chini ya kazi yako

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wachoraji, waimbaji, waandishi na wapiga picha, Beni)



Waliponiomba kusema hapa leo, waliniambia: "Yaya, uwatie vijana moyo." Nilikubali mbio mbio, kiisha nilipofika nyumbani nikaona nimekubali kazi ngumu. Kutia watu moyo ni rahisi kama wamekula na wamelala vizuri. Hapa tuko na wale tuliotoka Goma mwanzoni mwa mwaka 2025, kila mutu na kibegi chake mugongoni. Tuko na wale wa hapa hapa, ambao wanazika watu wao tangu 2014. Kwa hiyo sitawaambia "mujiamini tu, yote itakuwa sawa". Ile tunaisikia kila siku, na haijatuletea hata kilo moja ya unga.

Nitasema juu ya kijana moja. Ameketi hapa kati yenu, ameniruhusu niseme habari yake bila kutaja jina. Wiki mbili zimepita alikuja kunisalimia. Nilimuuliza: "Na gitare iko wapi?" Akacheka kidogo, akasema: "Nimeiuzisha, yaya. Dolari 25. Hii si wakati ya nyimbo."

Sikumujibu siku ile. Mutu aliyeuzisha gitare yake juu wadogo zake walale wamekula, utamuambia nini? Alifanya vizuri. Lakini ile neno ya mwisho ilinisumbua usiku mzima: hii si wakati ya nyimbo. Gitare aliiuzisha kwa njaa. Ile neno aliipata wapi? Njaa haisemake hivyo. Ile neno mutu alimupatia, naye akaishika kama yake.

Munajua wanayotuambiaka. Nyumbani papa anasema: "Nilikulipia minerval miaka yote hiyo ili ukuwe muchora vibao?" Ku kartie wanasema kazi ya wavivu. Mutoto mwanamuke akichora, wanauliza nani atamuoa na rangi ku vidole. Mukubwa wa kazi anasema: "Hiyo ni talanta, si kazi," maana yake hatakulipa. Na sasa vita imeongeza yake: "Watu wanakufa, ninyi munaimba?"

Wazazi, sisemi kwamba munatuchukia. Munaogopa, na munaogopa na sababu. Muliona watu waliosoma kabisa wakikaa bila kazi, sasa mutoto anawaambia anataka kuandika mashairi! Hata mimi ningeogopa. Lakini ninataka tutenganishe mambo mbili. Kusema "kazi hii hailipi vizuri katika inchi yetu" ni ukweli. Kusema "wewe hauna kitu cha kusema" ni uongo. Shida yetu ni kwamba ile ya kwanza inaingia masikioni, na inapofika ndani ya roho inageuka ile ya pili.

Mimi ilinifikia. Niwaelezee.

Mimi ni muchoraji. Nilianza na biki nyuma ya makaye ya shule, baadaye nikachora vibao vya salon za nywele na vya wauza vocha. Siku moja ofisi fulani, sitaitaja, iliniomba picha kumi na mbili juu ya maisha ya wamama wa soko. Nilitumika mwezi mzima. Nilichora mama wa sambaza, mama wa makala, wamama wanaobeba mizigo migongoni na kamba ku paji la uso. Nilipeleka. Waliniambia: "Tutakuita." Hawakuniita. Mwisho wa mwaka nikaona kalendari ku ukuta wa duka moja. Picha ni zangu, zote kumi na mbili. Chini kumeandikwa jina la ofisi. Langu, hapana.

Nilienda kuuliza. Wakaniuliza: "Uko na karatasi gani inayoonyesha kwamba ni wewe?" Sikuwa na karatasi. Sikuwa nimetia hata sini ku kona ya picha. Munajua juu ya nini? Juu nilikuwa ninaona haya. Nilikuwa ninawaza: mimi ni nani, niandike jina langu kama wasanii wakubwa?

Tusikilizane vizuri hapa. Wale waliniiba, hiyo ni kosa lao na sitawaondolea. Lakini mulango niliuacha wazi mimi. Mbele wao wafute jina langu, mimi mwenyewe nilikuwa nimekataa kuliandika.

Nilikaa miaka mitatu bila kuchora. Nilikuwa ninauza mikate ya mayai asubuhi, na mutu akiniuliza juu ya picha ninasema: "Ile ilikuwa michezo ya utoto." Muko mnaona? Maneno ya wale walionidharau, sasa yalikuwa yanatoka mu kinywa changu.

Kilichonirudisha ni maji. Kule Goma, muji uko pembeni ya ziwa Kivu, na raia wanatafuta maji na bidoni kama wanaishi jangwani. Vijana wenzangu walikuwa wanapanga kutembea kwa amani kuomba maji. Walijua zamani nilikuwa ninachora, wakanipa karatoni na rangi nyeusi. Nikachora bidoni ya njano, kifuniko kimepotea, kimezibwa na kipande cha muhogo. Basi. Sikuandika hata neno.

Siku ile, njiani, mama moja muzee akasimama mbele ya ile pankarti. Akaiangalia sana. Kiisha akasema: "Aliyechora hii, anajua bidoni yangu."

Nimepata pesa ku kazi zingine tangu siku ile, lakini hakuna malipo yamefika pale. Yule mama hakuniambia kwamba picha ni nzuri. Aliniambia kwamba yeye ameonekana. Hotuba za wakubwa juu ya maji amezisikia miaka na miaka, hakuna hata moja ilijua kwamba bidoni yake inazibwa na muhogo. Kuanzia siku ile nilisikia kwamba kujiamini si kusema "mimi ni hodari". Ni kusema: "Hii nimeiona, ni kweli, na nisipoiweka inje hakuna mwingine ataiweka."

Wenzetu wa inchi hii walituonyesha hiyo kitambo. Nitataja wachache.

Ku Lubumbashi kulikuwa muchoraji aliitwa Tshibumba Kanda-Matulu. Alizaliwa mwaka 1947. Hakusoma sana. Alikuwa anachora juu ya kitambaa cha viroba vya unga, anauzisha picha kwa watu wa kawaida ili waweke ku ukuta wa salon. Mu miaka ya 1973 na 1974 alichora historia yote ya inchi yetu, kama picha 100: ukoloni, migodi, Lumumba, uhuru, na vita vilivyofuata. Na kila picha alikuwa anaieleza kwa Kiswahili, hiki hiki chetu cha Congo, kwa profesa moja aliyekuja kutoka inje. Baadaye maneno yake na picha zake vikatoka katika kitabu kinachosomwa ku ma universite ya dunia. Lakini kinachonigusa ni kingine. Tshibumba alisema kwamba yeye ni mutu wa historia. Hakusema "mimi muchoraji mudogo". Hakuna universite ilimupa ile jina. Alijipa mwenyewe, kiisha akatumika mupaka kazi ikaonyesha kwamba ni kweli. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 haijulikani alikwenda wapi. Mutu amepotea. Historia aliyoiandika iko.

Kinshasa kulikuwa Bodys Isek Kingelez. Huyu alikuwa anajenga miji na karatasi, karatoni, vifuniko vya chupa na gundi. Majumba ya rangi, ya ajabu, yenye hayaonekane popote. Inasimuliwa kwamba alipopeleka kazi yake ya kwanza ku musee ya taifa, hawakusadiki kwamba ni yeye aliyeifanya, walifikiri ameiiba. Ikabidi atengeneze ingine pale pale, mbele ya macho yao. Akaitengeneza. Kiisha wakamupa kazi ya kurekebisha vitu vya musee. Mwaka 2018, miaka mitatu nyuma ya kifo chake, musee kubwa ya New York ilionyesha miji yake. Muwaze kama siku ile alipoitwa mwizi angebeba karatoni yake akarudi nyumbani kulia. Mimi njo vile nilifanya. Yeye alisema: leteni gundi.

Mwenda Jean Bosco, mutoto wa Katanga, alirekodiwa mwaka 1952 ku Jadotville, Likasi ya leo, na mzungu aliyekuwa anazunguka na mashine ya kunasa sauti. Kijana na gitare yake moja, anaimba Kiswahili. Vidole vyake vilifika mbali: mwaka 1969 alipiga ku festivali ya Newport, Marekani. Mupaka leo kuna wapiga gitare wa Ulaya wanakaa chini kujifunza vile alikuwa anavuta nyuzi. Hakungoja aimbe kizungu ndipo asikilizwe.

Na kama munasema hao ni wa zamani, muangalie Dieudo Hamadi wa Kisangani, aliyezaliwa 1984. Alikuwa anasoma udaktari, akashika kamera. Mwaka 2020 alitoa filme "En route pour le milliard", juu ya raia walioumizwa na vita vya siku sita ku Kisangani, mwezi wa sita 2000, majeshi ya inchi mbili za jirani yalipopigana ndani ya muji wetu. Watu waliokatika mikono na miguu wanapanda mashua, wanateremuka muto mupaka Kinshasa kuomba haki yao. Ile filme iliingia katika orodha ya Cannes. Lakini mbele ya Cannes kulikuwa mutu aliyesema: hawa wa kwetu, wenye kutembea na magongo, wanafaa filme.

Na kabla niende mbele: chukudu. Nani alitengeneza chukudu ya kwanza? Hakuna anayejua jina lake. Alikuwa na muti, misumari, kipande cha mupira, na mizigo ya kubeba kilima juu kilima chini. Hakungoja projet. Leo Goma kuna sanamu ya chukudu yenye rangi ya zahabu katikati ya rond-point. Sanamu iko, jina la mwenye kubuni haliko. Mumukumbuke huyo kila mara munaona haya kuandika jina lenu.

Sasa niseme kile ambacho kujiamini si chake, juu kuna wengine wataondoka hapa wamevimba.

Kujiamini si kukataa kurekebishwa. Kama umeandika slam na mwenzako anakuambia ubeti wa tatu unalala, sikiliza. Mwenye kujiamini anaweza kusikia "rudia" na asikufe. Asiyejiamini njo anakasirika. Kujiamini si kuhesabu like. Siku tatu hamuna unité, hamuna courant, like zimepungua, basi talanta imekwisha? Na kujiamini si kuona wengine ni takataka. Ukimusema vibaya muimbaji mwenzako ili wewe uonekane, umeanza kutumikia wale wanaotaka tubaki kila mutu peke yake.

Kuna mambo mbili yanatungoja njiani, na mutu asiyejiamini hawezi kuyapita.

Ya kwanza ni makuta ya wakubwa. Uchaguzi unakaribia, gari inasimama, kijana anashuka na bahasha: "Taja jina la honorable mara tano katika wimbo." Tunaiita libanga. Sitamuhukumu mutu mwenye njaa. Lakini mujiulize juu ya nini anakuja kukununua. Ni juu anajua sauti yako iko na uzito. Yeye anakuamini kuliko wewe unavyojiamini! Siku utakapojua uzito wa sauti yako, hautaiachia kwa bei ya fungu la nyanya.

Ya pili ni woga. Hapo sitaki kuwadanganya. Munakumbuka mwaka 2021 wimbo "Nini tosali te" wa kundi la MPR ulikatazwa na komisio ya censure, raia wakapiga kelele, na katazo likaondolewa. Ile tulishinda. Lakini munakumbuka pia Delcat Idengo, aliyeuawa na risasi Goma tarehe 13 mwezi wa pili 2025. Wengine hapa mulilia. Sitasimama mbele ya wazazi wenu niwaambie muende kufa kwa ajili ya wimbo. Mutoto hai anaandika nyimbo zingine. Kuna siku ya kusema wazi, kuna siku ya kusema kwa mufano, kuna siku ya kuficha kaye chini ya godoro na kungoja. Hiyo yote ni kazi. Kilichokatazwa ni moja tu: kujidanganya wewe mwenyewe kwamba hauna kitu cha kusema.

Na mujue haki yenu. Katiba yetu ya 2006, ku artikle ya 46, inatupa uhuru wa kutunga na wa sanaa. Na tangu tarehe 5 mwezi wa ine 1986 kuko sheria inayolinda haki ya mwenye kutunga kazi. Wengi wetu hatuijui. Mimi sikuijua siku ile ya kalendari. Ningeijua, ningeingia mule ofisini na muguu mwingine.

Sasa, tutoke hapa na vitu vya kufanya. Viko tano.

Cha kwanza: uwe na kaye moja. Kila siku uweke kitu ndani, hata mustari moja, hata siku mbaya. Hasa siku mbaya.

Cha pili: maliza. Kazi moja iliyomalizika, hata kama ina makosa, inakufundisha kuliko kumi ulizoziacha katikati ukisema unangoja vifaa.

Cha tatu: andika jina lako na tarehe ku kila kazi, na uchunge kopi. Piga picha na telefoni, utumie rafiki wa mbali. Kama jina lako linaweza kukuletea hatari, tia alama unayoijua wewe na watu wako wawili. Lakini kazi isitoke mukononi bila kitu kinachosema: mutu fulani alifanya hii.

Cha ine: bei isemwe mbele ya kazi, na iandikwe ku karatasi, hata karatasi ya kaye. Na wewe uwe mutu wa kuheshimu siku uliyoahidi. Huwezi kuomba heshima ya kazi na kuifanya kama michezo.

Cha tano: utafute watu wawili wanaokuambia ukweli, na mutoto moja unayemufundisha. Mwenye kufundisha mutoto kushika biki hapati wakati mingi wa kujidharau.

Na sisi tulio katika harakati, tuna deni pia. Mara ngapi tumemuita musanii usiku, "tuchoree pankarti, ni kwa ajili ya inchi", bila kumuuliza kama amekula? Mara ngapi tumeweka picha yake ku page yetu bila jina lake? Tuliwalaumu wa ofisi, na sisi tukafanya sawa vile. Nimewaambia wenzangu, wamekubali: kuanzia leo kila kazi itatoka na jina la mwenye kuifanya, kama yeye mwenyewe anataka. Musipoona jina, mutuulize mbele ya watu.

Ninarudi kwa kijana wetu wa gitare. Wiki iliyopita tulienda naye kwa yule aliyeinunua. Ni fundi wa viatu, kwake gitare inaning'inia ku musumari, hajui kuipiga. Hatukuwa na dolari 25. Tulimuelezea. Aliwaza, akasema: "Siwezi kuirudisha, nilitoa makuta yangu. Lakini siku ya posho jioni ninafunga mapema, anaweza kuja kuipigia hapa hapa. Na mimi nitasikiliza."

Posho iliyopita alikwenda. Ana wimbo juu ya mama yake, juu ya barabara ya Sake vile walikuwa wanakimbia na godoro ku kichwa. Uko nusu. Ameniambia ubeti wa mwisho unamushinda, juu hajui kama mama yake atapenda isikike mbele ya watu. Nimemuambia amuulize mama.

Kesho ni posho. Fundi anafunga saa kumi na moja. Wanaotaka kumusindikiza kijana wetu, tukutane hapa mulangoni saa kumi. Mulete makaye yenu.